Dakika Kumi na Moja za Dawa ya Panya

Kama ulipita stendi ya Makambako kati ya mwaka 2005 na 2008, sauti yangu unaijua. Mimi ndiye niliyekuwa nasukuma toroli lenye spika ya honi, nikitangaza dawa ya panya, mende, kunguni na viroboto. Maneno nilikuwa nayo. Mama Kastori, muuza nyanya wa pale mlangoni, aliwahi kuniambia mbele ya watu, "Wewe Aron, panya hawafi kwa dawa yako. Wanakufa kwa kukusikiliza." Nilicheka kuliko wote.

Habari hii watu wengi wanayo nusu, tena nusu ya kuchekesha. Sina ubavu wa kulalamika, maana kutania watu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, hata siku nilipolala mahabusu kwa kuuza bila leseni nilimtania askari mpaka akanipa blanketi. Lakini hiyo nusu nyingine ni yangu, na sijawahi kuieleza nikiwa nimekaa.

Mwaka 2003 ilitengenezwa filamu huku kwetu, *Barua ya Ludewa*. Dereva wa Land Rover anapewa barua moja aipeleke kutoka Njombe hadi Ludewa wakati wa masika, barabara yote tope, na anafika baada ya wiki tatu. Basi, hiyo tu. Picha zilikuwa hafifu, waigizaji ni jamaa zetu, na kuna kuku mmoja anapita mbele ya kamera mara mbili kama vile kalipwa. Lakini muziki wake! Muziki aliutunga Mwalimu Efraimu Tweve wa Bulongwa, mwalimu wa kwaya ya Kilutheri, kwa kinanda cha kukanyaga, gitaa moja, na ligombo, kile chombo cha nyuzi cha wazee wetu. Waliokuwa watoto wakati ule waliitazama kwenye mabanda ya video, magoti yamegusana kwa baridi, na hawakuusahau.

Shida ni kwamba kwenye filamu unausikia vipande vipande. Unaanza, mtu anaongea. Unapanda, Land Rover inanguruma. Baadaye ilitoka kaseti ya kuuza, nayo ilikuwa na vipande vitano. Mwalimu alitunga kumi na tisa.

Ndiyo maana Judith Mlowe, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa Yakobi, Njombe, akafungua kundi la WhatsApp na kuliita "Barua Kamili". Lengo lilikuwa moja: muziki wote utoke, wa kwanza hadi wa mwisho. Tulifika watu mia mbili na kitu. Yupo mmoja yuko Uturuki anaosha vyombo hotelini. Wanabishana kama wako mahakamani: pale gari linapokwama Mlangali, chini ya ule mngurumo, kinacholia ni ligombo au gitaa? Wiki nzima. Watu wana watoto na mashamba ya viazi, lakini wiki nzima wako Mlangali wamekwama na gari.

Kipande wanachokililia wote ni cha mwisho, barua inaposomwa. Nyuma ya sauti ya msomaji anasikika mwanamke anaimba bila maneno, midomo ameifumba. Sekunde tisa, halafu yanakuja majina ya waigizaji na muziki unakatwa. Kwenye kundi wanakiita "Mama". Mwimbaji alikuwa Anneth, mke wa Mwalimu. Alifariki mwaka uliofuata, na hakuna mahali pengine duniani alipowahi kurekodiwa.

Nilipoingizwa kwenye kundi, Judith alikuwa ameuliza kama kuna anayejua ilipo kaseti mama, ile iliyorekodiwa kanisani Bulongwa ikiwa na vipande vyote. Nikaandika: "Ipo. Iko mikono salama. Mikono yenyewe ni hii." Nikatuma na picha ya viganja vyangu.

Weee! Simu ilitetema mpaka ikaanguka mezani. Nikapewa jina palepale: Mzee wa Kaseti. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita mzee wa kitu chochote cha maana.

Na kaseti nilikuwa nayo kweli. Siku ile ya kurekodi mimi ndiye niliyebeba mashine na kushika maikrofoni. Nilimsikia Mama Anneth akiimba nikiwa hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa tayari anaumwa, ameshikilia mgongo wa benchi, na aliimba dakika kumi na mbili bila kupumzika kwa sababu hakutaka tuanze upya. Tulipomaliza, Mwalimu alitoa kisu akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. "Sasa hii haifutiki, Aron," akasema, akanikabidhi. Niliipeleka Makambako ikapanda basi la Dar es Salaam, huko watu wa filamu wakanakili walichotaka, ikarudi kwangu. Nilitakiwa niirudishe Bulongwa. Mvua, barabara, nikasema wiki ijayo. Mwalimu alipopiga simu nikamwambia Dar hawajarudisha. Nilishaanza kuipenda, ndiyo ukweli. Ilikuwa kaseti yangu ya kulalia.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuuza kwa spika anajua kwamba vijino vikishavunjwa, unatafuna karatasi, unaziba yale matundu, na kaseti inarekodi kama mpya. Jumatatu moja mwaka 2006 redio ilikuwa imekula kaseti yangu ya tangazo, utepe wote nje kama utumbo wa kuku. Ilikuwa siku ya gulio, mabasi yanaingia. Kaseti iliyokuwepo chumbani ilikuwa ileile, imesimama pale nilipoizima nikisinzia usiku wake. Nikatafuna karatasi ya daftari. Nikaziba. Nikabonyeza kwanza ili nisikie iko wapi.

Mama Anneth akavuta pumzi, akaanza.

Nikajisemea, hii si imeshatumika kwenye filamu? Imemaliza kazi. Kwetu kitu kikimaliza kazi ya kwanza kinapewa ya pili: gunia la mbolea linakuwa pazia, tairi linakuwa viatu. Nikabonyeza kitufe chekundu. Redio yangu haikuwa na namna ya kujirudia, kwa hiyo nililisema tangazo mara ishirini mfululizo, mpaka koo likakauka. Dakika kumi na moja.

Nilijua nimefanya nini siku nilipoitazama filamu tena na kukuta wametumia sekunde tisa. Niliifunga kaseti kwenye soksi, nikaiweka chini ya sanduku. Na bado, miaka mingi baadaye, nikapiga picha viganja.

Miaka minne niliwazungusha. Mara deki mbovu, mara nimefiwa, mara kaseti haipendi baridi, tusubiri Oktoba. Wakacheka, wakasubiri. Kumbe mtu akikucheka kwa upendo, uongo unateleza vizuri zaidi.

Mwaka huu mwezi wa saba Judith akanipigia, akaniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake.

"Baba Ema, umekaa?"

"Nimesimama, ila naweza kukaa ukinilazimisha."

"Mwalimu Efraimu anakuja Njombe kupimwa macho. Jumamosi atakuwa kwangu. Amekubali muziki wote utoke! Ana sharti moja tu, ausikilize kwanza mwenyewe hadi mwisho. Fundi Ambrose ameazima deki misheni. Na wewe usiniletee habari za msiba, nimehesabu, umeshazika shangazi watano."

Nikasema nitakuja. Njiani kila tulipovuka daraja nilishika soksi mfukoni, nikawaza jinsi inavyoweza kuanguka dirishani kwa bahati mbaya. Sikuitupa. Usinisifu kwa hilo. Nilikuwa nimekaa upande ambao dirisha halifunguki.

Nilifika mapema makusudi nimwambie Judith peke yake. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, koti juu ya kanga, kofia ya sufu.

"Kamwene, Mzee wa Kaseti!"

"Kamwene, dada Judith. Ile kaseti..."

"Ukisema umeisahau nakumwagia chai hii."

"Ninayo. Ila ni ya zamani. Inaweza kuwa na mikwaruzo."

"Mikwaruzo tunaitaka! Watu wanataka hata kikohozi cha mpiga kinanda." Akaweka kisu chini, akanishika mkono, macho yana maji. "Baba Ema, nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nadhani ule muziki unatoka kwenye mvua."

Ningefanyaje? Nilimtania kuhusu ile kofia, nikaenda sebuleni.

Mwalimu alikuwa amekaa karibu na jiko la mkaa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, blanketi magotini. Miaka themanini na moja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ni Aron? Njoo karibu, macho yangu hayafiki huko." Hakuuliza kwa nini niliwahi kumwambia Dar hawajarudisha. Alinipapasa mkono mpaka kwenye vidole. "Umenitunzia. Mwingine angekuwa ameshaifuta siku nyingi."

Ambrose, fundi redio kutoka kwetu Makambako, kijana mpole asiyependa maneno, alikuwa ameshafunga deki kwenye kompyuta. Akapokea kaseti, akaigeuza kama anavyogeuza kila kitu, na kidole chake kikasimama mgongoni.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "hapa nani kaziba?"

"Panya," nikasema.

Hakucheka. "Panya hatafuni karatasi akaipanga." Akaniangalia. Fundi wa redio asiyejua maana ya karatasi pale hayupo. Alingoja kidogo, kaseti mkononi, akinipa nafasi. "Niiweke?"

"Weka," nikasema.

Upande wa kwanza ulikuwa raha tupu, na hiyo ndiyo sehemu iliyoniumiza kuliko nilivyotarajia. Judith alikaa sakafuni kama mtoto. Simu yake ilikuwa juu ya stuli, wanakundi arobaini wanasikiliza moja kwa moja. Ilipofika Mlangali ilisikika wazi kabisa, bila gari, bila maneno: ligombo na gitaa, vyote viwili, vinajibizana. Judith akapiga kelele, "Wote tulikuwa sahihi!" Yule wa Uturuki akasikika kwenye simu analia waziwazi. Mwalimu alikuwa anapigapiga goti, anahesabu. "Hapo gitaa limechelewa," akasema. "Ni Haruni huyo. Alikuwa anachelewa hata kanisani."

Ambrose akageuza kaseti. Vipande vitatu vikapita. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama karibu na mlango.

Kinanda kikaingia polepole. Mwalimu akavua kofia. Mama Anneth akavuta pumzi, akaanza, sekunde nne hivi.

Tak!

"Haya haya haya! Panya wa darini, panya wa stoo, panya anayekula mahindi kuliko baba mwenye nyumba, leo mwisho wake! Akila leo, kesho anazikwa bila matanga! Njoo kwa Aron, Aron hana mchezo, mchezo anao panya!"

Kwenye simu watu walicheka. Walidhani redio imeingilia. Halafu tangazo likaanza upya, na lilipofika "njoo kwa Aron" mara ya pili kicheko kikakatika, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotoka chumbani.

Judith aligeuza shingo, akaniangalia. Sitaki kuueleza uso wake.

Ambrose akanyoosha mkono azime. Mwalimu akainua kidole. "Acha."

"Mwalimu, hii ni..."

"Nimesema nasikiliza hadi mwisho."

Tukakaa. Nilijisikia mara ya tatu, ya nne, ya nane. Sauti ilikuwa na furaha! Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeomba angalau niwe nimetangaza kwa huzuni kidogo. Mara ya kumi na mbili unanisikia nimeongeza utani mpya kuhusu panya na mama mkwe, nikacheka mwenyewe. Makaa yalipasuka. Chai ikapoa. Mara ya ishirini sauti inakwaruza, inasikika sauti ya mteja mlangoni anauliza kitu, tak, na kinanda kikarudi kana kwamba hakijawahi kuondoka.

Mama Anneth alikuwa anamalizia. Noti tatu zinashuka, ya mwisho ndefu. Halafu benchi likalia kidogo, alipoliegemea. Sekunde kumi na nne.

"Rudisha hapo," Mwalimu akasema. Ambrose akarudisha. "Tena." Akarudisha tena.

Kisha akaniita kwa jina, nami nikatoka mlangoni nikapiga magoti mbele yake.

"Uliisikia kabla hujafuta?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mara moja?"

"Mara nyingi. Kila usiku."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilisikia siku ileile tu, tena nilikuwa nakanyaga kinanda, nahesabu. Sikumsikiliza vizuri. Nilijua nitaisikiliza ikirudi. Basi wewe ndiye mtu wa mwisho kumsikia. Noti ninazo, nimeziandika mwenyewe. Nataka kujua alifanyaje pale katikati, zinapopanda. Alikaza au alilegeza? Hebu imba."

Nilifumba midomo. Mimi, mtu wa maneno. Nilianza, nikaharibu, nikaanza tena. Kilichotoka kilikuwa kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Nilikuwa nimeisikia zaidi ya mara mia, lakini nilikuwa naisikia ili nipate usingizi, na pale katikati mara zote nilikuwa nimeshalala.

"Sikumbuki, Mwalimu."

"Hukumbuki."

"Nilikuwa nalala."

Alinigusa kichwa. Sijui kama ulikuwa msamaha au alikuwa anatafuta pa kushika ainuke. Akajisogeza kwenye kiti, akamwomba Judith chai nyingine.

Ambrose akageuka kutoka kwenye kompyuta. "Mwalimu, haya maneno nayakata. Naunganisha mwanzo na mwisho, hakuna atakayejua. Au tunaweza kukuleta na kinanda, ukajaza katikati."

"Hiyo nzuri," nikasema haraka. Haraka mno. Hata Judith, aliyekuwa hajanisemesha, akasema, "Nyamaza, Aron." Si Baba Ema. Si Mzee wa Kaseti.

Mwalimu alikunywa chai yake. "Nyinyi mnataka kamili au hamtaki?"

"Tunataka," Judith akasema.

"Mkikata, watu watadhani Anneth aliimba sekunde kumi na nane. Aliimba dakika kumi na mbili, anaumwa, amesimama. Iacheni ilivyo. Wasikie ukubwa wa nafasi yake." Kisha akaongeza, kama mwalimu anayekumbuka kitu cha mwisho kabla kengele haijalia, "Na majina ya waimbaji yaandikwe. Wote."

Muziki ulitoka mwezi wa kumi, vipande kumi na tisa, mtandaoni, bure. Ukifungua orodha, wa mwisho unasomeka hivi: "Mama. Kinanda: Efraimu Tweve. Sauti: Anneth Tweve na Aron Nyagawa." Watu wengi mno wameusikiliza. Kwenye kundi sikufukuzwa. Nilitaka kujitoa, Judith akanirudisha bila kuandika neno. Aliandika sheria moja tu juu kabisa ya kundi: kipande cha kumi na tisa hakiruhusiwi kurukwa. Wale wanaonitania wananitania bado, na mimi nimegundua kwamba sina jibu la haraka, jambo ambalo mke wangu anasema ni muujiza. Yule wa Uturuki aliniandikia faraghani: "Nimekusikiliza mwanzo mpaka mwisho, kaka. Nilikuchukia mpaka mara ya kumi na tano hivi, halafu nikachoka." Nilimshukuru.

Siku hizi nauza vipuri vya pikipiki, ng'ambo ya stendi. Juzi nilipita kwa Mama Kastori kununua nyanya. Bado yupo pale mlangoni, mzee sasa, na mjukuu wake Ema, jina moja na binti yangu, amemwekea simu kwenye kopo ili sauti iwe kubwa. Nilikitambua kinanda kabla sijafika. Nilitaka kugeuza. Alishaniona.

Mama Anneth akavuta pumzi, akaanza. Tak.

"Haya haya haya! Panya wa darini..."

Mama Kastori hakuinua kichwa. Aliendelea kupanga mafungu ya nyanya, nne chini, moja juu. "We Aron," akasema, "hebu nyamaza, tumsikie huyo mama wa watu."

Nikapindua ndoo yake, nikakaa kando yake, tukasubiri ninyamaze.